Nusu Siku Kutoka Kitangari Hadi Ruvuma

Mtu aliyepata nafasi ya nusu siku katika nchi ya Wamakonde, naye ana shauku ya kuona mji, na mwitu, na mto kabla jua la mchana halijawa kali, hana haja ya kutaabika kwa kupanga. Kwa maana safari hiyo ilikwisha pangwa zamani na watu ambao hawakuwa wakienda matembezi bali wakitafuta riziki na salama, nayo huanza katika bonde la Kitangari, hupanda na kuelekea kusini hata Newala, husimama kitambo katika ukingo wa Shimo la Mungu, kisha huteremka hadi Ruvuma, ambako mtumbwi husubiri wavukao. Kila kituo cha njia hiyo kina tarihi yake, na tarihi zote hizo, akizitafakari mtu kwa makini, huzunguka jambo moja tu, nalo ni maji: yalipokuwa, yalipokosekana, na masafa yaliyotenga maji na makao ya watu. Kwa sababu hiyo naona kwamba anayetaka kupanga safari hii vizuri aijue kwanza habari yake, ndipo ahesabu saa na nauli.

Uwanda wa juu wa Makonde huinuka polepole kutoka pwani ya Mikindani na Mtwara, ukapanda kuelekea magharibi kwa mwinamo mdogo ambao msafiri wa gari aghalabu hautambui, hata kufikia Newala, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 700. Na hapo, kana kwamba umechoka kupanda, hukatika ghafula, ukaacha magenge marefu yanayotazama mto Ruvuma upande wa kusini na tambarare za Masasi, zenye majabali yaliyosimama peke yake, upande wa magharibi. Udongo wa juu ni mchanga mwekundu unaomeza mvua yote inyeshayo. Masika ya huko huanza kwa desturi mwezi wa Desemba na kuendelea hata Aprili, na mvua si haba. Lakini matone yakigusa ardhi huzama, yakapita chini kwa chini, wala hayaonekani tena isipokuwa pale uwanda unapokatika, katika chemchemi za chini ya magenge na katika mabonde marefu yaliyochimbika ndani ya uwanda wenyewe. Bonde la Kitangari ni mojawapo ya mabonde hayo, na ni mashuhuri kuliko mengi. Basi nchi ile ilikuwa na neema ya mvua na dhiki ya maji kwa wakati mmoja: watu walikaa juu, na maji yalikaa chini.

Kwa nini walikaa juu? Wamakonde wenyewe walikuwa na hekaya ya asili yao, ambayo Wajerumani waliisikia na kuiandika mapema katika karne ya 20. Walisimulia kwamba palikuwa na mtu mmoja aliyetoka vichakani, hajaoga wala hajanyoa, asiye na mwenzi, naye akachonga katika mti umbo la binadamu, akalisimamisha karibu na makao yake; usiku ule umbo likapata uhai likawa mwanamke. Wawili hao wakashuka hadi Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto aliyekuwa maiti. Wakaondoka wakavuka nchi ya juu hata bonde la Mbemkuru, akajifungua tena, na mtoto wa pili naye akawa maiti. Ndipo waliporudi juu, kwenye vichaka vya Mahuta, akazaliwa mtoto wa tatu, akaishi, akakua. Na tangu hapo wazee wakawausia watoto wao wasijenge kando ya mito wala katika mabonde, maana mabondeni mna maradhi na mauti. Naipenda hekaya hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kaumu ambayo ulimwengu umeijua kwa uchongaji wake ilisema asili yake ni kinyago. Ya pili ni kwamba, tukiondoa ajabu iliyomo, inabaki nasaha ya watu wanaojua nchi yao, kwa kuwa mabonde ya Ruvuma yalikuwa na homa, na mbung'o, na mafuriko, ilhali juu palikuwa na upepo mkavu na watoto waliishi.

Ama gharama ya nasaha hiyo ililipwa na wanawake. Mwanamke wa uwandani aliamka gizani, akasokota kata ya majani au ya nguo kuukuu, akaiweka utosini, akajitwika mtungi mtupu, akafuatana na wenzake kwa njia nyembamba iliyopinda ndani ya vichaka hata ukingoni, kisha akaanza kuteremka, mguu mmoja ukitafuta mzizi au jiwe kabla mwingine haujanyanyuka. Chini alikuta wengine wamemtangulia. Wakati wa kiangazi maji ya kisima yalikuwa machache, yakitoka mchangani taratibu, hata ikambidi mtu kuyachota kwa kibuyu kidogo, akimimina na kungoja, akimimina na kungoja, mpaka mtungi ujae. Ukiisha kujaa, alitandaza juu ya maji majani mabichi mapana, ili mtikisiko wa mwendo usiyamwage. Wenzake wakamsaidia kujitwika. Ndipo ulipoanza mpando, mtungi ukiwa mzito kichwani na jua likiwa limekwisha kutoka. Aliporudi nyumbani nusu ya siku ilikuwa imekwisha. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha safari ya nusu siku katika nchi ile, nacho kilipimwa kwa miguu ya akina mama vizazi vingi kabla ya mtu yeyote kuja na saa mkononi kutazama mandhari. Si ajabu basi kwamba maji ya kunywa yalitunzwa kama akiba ya chakula, na kwamba mgeni aliyepewa maji ya kunawa alijua amepewa kitu cha thamani.

Uwanda ulikuwa na faida nyingine, nayo ni maficho. Mkulima wa Kimakonde alikata kichaka, akachoma, akapanda mtama na mihogo kwa miaka michache, kisha akaliacha shamba lipumzike. Na mahali pa msitu wa zamani pakaota vichaka vilivyoshikamana, vizito hata mtu mzima hawezi kupenya pasipo shoka. Clement Gillman, mwanajiografia aliyeijua Tanganyika kwa miguu yake, aliandika mwaka 1945 juu ya kilimo hicho cha kulima na kuacha katika uwanda wa Makonde, naye aliona wazi jinsi mkono wa mkulima ulivyoufanya mwitu ule kuwa vile ulivyo. Vichaka hivyo vilikuwa ngome. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita kutoka Nyasa kwenda Kilwa, Lindi na Mikindani, na mashujaa wa Kingoni, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, walishuka kutoka Songea kuteka nyara. Masasi, iliyokuwa wazi chini ya majabali yake, ilionja ukali wao: misheni ambayo Askofu Edward Steere aliianzisha hapo mwaka 1876, pamoja na watu walioachwa huru Unguja, ilivamiwa mwaka 1882, na Padri Chauncy Maples akahamia Newala, kwa Matola, mkubwa wa Wayao, akakaa huko miaka kadhaa mpaka alipoitwa kwenda Likoma. Juu ya uwanda adui hakukosa njia tu, alikosa na maji. Jeshi linaloweza kula nyara za njiani haliwezi kunywa vichaka.

Nimeanza Kitangari kwa sababu huko ndiko dhiki hiyo ilikoanza kufunguliwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ya wakati ule ilianzisha shirika la maji la Makonde, likachukua maji ya bondeni, likayasukuma kwa mitambo hata juu uwandani, na kutoka huko yakapelekwa kwa mabomba kwenye vituo vya vijiji ambako watu waliyanunua. Hapakuwa na mabomba mengi ya namna hiyo katika sehemu za mashamba za Afrika Mashariki wakati ule, na mpaka leo visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, ni moyo wa mradi wa Makonde. Baada ya uhuru mtandao ulipanuliwa, na katika miaka ya 1970 serikali ya Ufini ilisaidia mpango mkubwa wa maji kwa mikoa ya Mtwara na Lindi. Mitambo imeharibika mara nyingi, na mabomba yamepasuka, na siku ambazo bomba limekauka si chache. Lakini mtoto wa kike aliyezaliwa baada ya mabomba hayo aliweza kukaa darasani saa zile ambazo bibi yake alikuwa njiani na mtungi, na Kitangari yenyewe ikawa na sekondari na chuo cha ualimu. Mimi naona hilo ni tukio kubwa kuliko vita vyote nitakavyovitaja hapa chini, ingawa vita ndivyo vilivyoandikwa zaidi.

Basi msafiri na aondoke Kitangari alfajiri, akiwa amekwisha kulitazama bonde kutoka juu, ambako ukungu hulala mpaka jua linapopanda, kisha ashike njia ya Newala kati ya mikorosho na miembe. Mikorosho hiyo ni wageni waliokuwa wenyeji: mti wenyewe asili yake ni Brazili, Wareno ndio walioupitisha bahari, na katika karne ya 20 ukatwaa mahali pa vichaka vingi hata ukawa ndio fedha ya nchi. Akipita kati ya Oktoba na Desemba atakuta korosho zimeanikwa na magunia yamepangwa kwenye maghala ya vyama vya msingi, na mazungumzo yote njiani ni ya bei.

Newala si mji mkubwa, lakini una mambo ya kale kuliko ukubwa wake. Katika mwaka 1906 alifika hapo Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, ambaye nia yake ya kwanza ilikuwa kwenda kaskazini, ila machafuko ya nchi katika zama za vita vya Majimaji yakamgeuzia njia kuja kusini. Akatoka Lindi, akapita Masasi na Chingulungulu, akapanda Newala, akakaa huko wiki nyingi. Alikuja na mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha za kutembea, vitu ambavyo wakati ule hata Ulaya bado vilikuwa vipya, akanasa nyimbo, akapiga picha ngoma na jando, akakusanya vinyago vya kuvaa usoni, na ndonya za midomo, na vyungu, akavipeleka Leipzig. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza kwa mkono wa Alice Werner, bibi yule ambaye baadaye alikuwa profesa wa Kiswahili London. Mna ndani yake maneno ya kiburi cha zama zake, ambayo msomaji wa leo hawezi kuyapita bila kukunja uso. Lakini mna pia habari za mafundi na wanawake na watoto wa Newala ambazo hazipatikani popote pengine, na upepo wa jioni wa Newala, ambao ulimkera sana, bado unavuma vilevile. Laiti sauti zile zilizonaswa zingesikika leo katika shule za Newala, wajukuu wakasikia walivyoimba babu zao! Hilo ni jambo linalowezekana, na mimi nalitamani.

Miaka kumi baada ya Weule, boma la Newala liliona vita. Ureno iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1916, na mwezi wa Septemba majeshi yake, chini ya Jenerali Ferreira Gil, yakavuka Ruvuma, yakapanda magenge, na Oktoba yakaitwaa Newala. Yalidhani yameshinda. Kumbe boma lile, kama makao mengine yote ya uwandani, lilikuwa halina maji yake lenyewe. Maji yaliletwa kutoka kijito cha bondeni. Wajerumani na askari wao Waafrika, wakiongozwa na Max Looff, aliyekuwa nahodha wa manowari Königsberg iliyoangamia katika mdomo wa Rufiji mwaka 1915, hawakuwa na haja ya kubomoa kuta. Walipigania kijito, wakakipata, kisha wakalizingira boma. Siku chache tu za kiu zilitosha. Usiku mmoja mwishoni mwa Novemba 1916 Wareno walitoka kwa siri, wakateremka magenge gizani, wakarudi ng'ambo ya mto walikotoka. Mwanamke yeyote wa Kimakonde angeweza kumweleza jenerali yule, kabla hajapanda, kwamba ashikaye Newala pasipo kushika kisima chake hajashika kitu.

Kutoka mjini hadi Shimo la Mungu ni mwendo mfupi, na hapo ndipo maumbile yanapojionyesha wazi. Ardhi huisha. Mbele ya miguu kuna shimo kubwa la kijani, kuta zake zikishuka kwa ngazi za miti na mawe mekundu, na zaidi ya hapo tambarare imelala hata upeo wa macho, ikipasuliwa katikati na utepe mweupe ambao ni mchanga wa Ruvuma, na ng'ambo ya mchanga ule ni Msumbiji. Asubuhi na mapema ukungu hufunika chini yote, na mtu aliyesimama ukingoni huona vilima vimechomoza juu ya ukungu. Jua likipanda, ukungu hupasuka vipande vipande, na moshi wa mashamba huanza kuonekana. Nashauri msafiri asiharakishe hapa. Akae chini, atafute kwa macho njia za miguu zinazoshuka, maana zipo, na nyingine ni zile zile za mitungi. Atazame jinsi zinavyopinda, ajue kila pindo lilichaguliwa na mtu aliyekuwa na mzigo. Wenyeji walipaita mahali pale shimo la Mungu, na anayepatazama haoni haja ya kuuliza sababu.

Sasa mto. Mgeni aliyesikia habari za safari za mashua katika mito mingine hutaraji kupanda chombo na kuelea juu ya maji saa nzima akielekea juu au chini. Kwa Ruvuma matarajio hayo yana tarihi ndefu ya kuvunjika, na inafaa kuijua. David Livingstone aliona katika ramani mto mkubwa usiotawaliwa na Wareno, akatumaini kwamba utampeleka kwa meli mpaka karibu na Nyasa, pasipo kupitia Zambezi. Machi 1861 aliingia mdomoni na meli yake ya mvuke, Pioneer. Maji yakaanza kupwa, meli ilikuwa nzito kwa kina kile, akarudi upesi asije akapwelewa mwaka mzima. Septemba 1862 alijaribu tena, safari hii kwa mashua, pamoja na John Kirk, yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja. Mashua zilikokotwa juu ya mafungu ya mchanga, watu wakirushiana mishale na risasi na wenyeji waliowashuku kuwa wawindaji wa watumwa, hata mawe na maporomoko yakawazuia, wakageuka. Mara ya tatu, mwaka 1866, hakuja na chombo. Alishuka Mikindani mwezi wa Machi akiwa na ngamia, na nyati wa Kihindi, na nyumbu, na punda, na askari kutoka Bombay, akafuata ukingo wa kaskazini kwa miguu, chini ya uwanda huu huu tunaousimulia. Vichaka vilikuwa vizito hata ngamia hawakuweza kupita, ndipo alipoajiri Wamakonde wamfyekee njia, akastaajabia wepesi wa shoka zao. Akaandika pia juu ya sandarusi iliyochimbwa katika nchi yao na kuuzwa pwani. Wanyama wake walikufa mmoja baada ya mmoja. Mwaka 1881 Sultani Barghash alimtuma Joseph Thomson atafute makaa ya mawe yaliyosemwa yako Ruvuma. Thomson akapata mawe meusi yasiyowaka ipasavyo, na tamaa ya kuona meli za Sultani zikijaza makaa mdomoni mwa mto ikaishia hapo.

Ruvuma hauna kosa katika hayo. Ni mto wa takriban kilomita 800, mpana, wenye mchanga mwingi na maji yasiyotulia: masika hufurika na kumeza mashamba, kiangazi hujigawa katika mikondo myembamba kati ya mafungu, na mkondo uliokuwa upande huu mwaka jana huonekana upande ule mwaka huu. Mto wa namna hiyo hauwezi kupandwa, lakini wavukika. Na chombo kilichoujua tangu zamani ni mtumbwi uliochongwa katika gogo moja, usio na mkuku, unaotaka kina cha mkono tu. Mvushi husimama tezini akiwa na upondo mrefu. Hauchomeki mbele bali nyuma kidogo ya miguu yake, akauegemea mpaka mtumbwi uteleze, akauvuta, akauchomeka tena. Hapigi njia iliyonyoka. Hupanda kwanza kandokando ya ukingo, pale maji yanapokwenda polepole, kisha huelekeza omo katikati na kuuacha mkondo umshushe, hata anapofika ng'ambo anakuta ametua sawasawa na mahali alipokusudia. Abiria huketi chini, wametulia, mikono ndani. Viboko wapo, na mamba wapo, na mvushi husoma uso wa maji kwa jicho lisilopumzika. Anayetaka safari ya mto na aombe hilo: kupelekwa kandokando ya ukingo na kurudishwa, katikati ya mafungu ya mchanga ambako ndege hutembea. Dakika chache za hapo zinamfunza mtu habari ya Ruvuma kuliko meli ya mvuke ilivyomfunza Livingstone.

Mpaka wa leo ulitiwa katika mto ule na watu wasiouona. Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilipatana kwamba Ruvuma ndio utakaotenga nchi zao, na kwa wino huo Wamakonde wa kaskazini wakawa wa serikali moja, nao Wamakonde wa kusini, ambao huku waliitwa Wamawia, wakawa wa nyingine. Mitumbwi haikusoma mapatano. Watu wa kusini walivuka kukimbia kodi na kazi za kulazimishwa za Wareno, wakaja kukata mkonge katika mashamba ya Lindi na Mikindani. Na wachongaji waliovuka pamoja nao walifika Dar es Salaam, wakaipa Tanzania sanaa ambayo sasa inatambulikana duniani kwa jina la Makonde. Baada ya Wareno kuwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda, upande wa Msumbiji, tarehe 16 Juni 1960, na hasa baada ya chama cha FRELIMO kuanza vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964, wavukao wakawa maelfu: akina mama na watoto wakija kaskazini, wapiganaji waliofunzwa Nachingwea wakienda kusini. Vijiji vya ukingo wa Tanzania viliwapokea ndugu zao, vikagawana nao mihogo, na kwa ukarimu huo vikapata sehemu yao ya mabomu ya Wareno. Watu wa Newala hawajaomba sifa kwa hayo, lakini wanastahili.

Kwa hiyo ukingo wa Ruvuma si mahali pa kwenda kiholela. Tangu Oktoba 2017 kumekuwa na mapigano mapya Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, na Oktoba 2020 wavamizi walivuka wakashambulia kijiji cha Kitaya upande wa Tanzania. Msafiri na aulize kwanza Newala, katika ofisi ya wilaya na kwa polisi, kama njia ya mtoni iko wazi siku ile. Akiambiwa hapana, atosheke na kuutazama mto kutoka Shimo la Mungu, wala asitafute njia ya panya. Akiruhusiwa, aende pamoja na mwenyeji, afike kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, amsalimu, aeleze haja yake, ndipo aombe mtumbwi. Wala asikanyage mchanga wa ng'ambo kama hana hati za safari, hata ukiwa karibu kiasi gani. Miezi mizuri ni kuanzia Juni hata Oktoba, njia zikiwa kavu na maji yakiwa mepesi. Ama saa, atoke Kitangari kabla ya saa kumi na mbili, awe Newala saa mbili, Shimo la Mungu saa tatu, mtoni kabla ya saa tano, na kabla jua halijafika utosini awe amekwisha kuanza kupanda. Achukue maji ya kutosha kutoka juu. Zamani mtu alishuka na mtungi mtupu akapanda nao umejaa. Leo bomba limegeuza mambo, na anayeshuka ndiye anayebeba.

Wengine watauliza habari za Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, ambalo wazo lake lilizaliwa na Nyerere na Samora Machel mwaka 1975 na ambalo Marais Kikwete na Guebuza walilifungua tarehe 12 Mei 2010. Hilo liko mbali, juu ya mto, kati ya Mtambaswala na Negomano, karibu na makutano ya Ruvuma na Lujenda, pale pale ambapo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka na jeshi lake tarehe 25 Novemba 1917, watu wakitembea ndani ya maji. Haliwezi kuingizwa katika nusu siku ya Kitangari. Mwenye nia ya kuliona na alale Masasi, ashike njia ya Mangaka asubuhi, na alitengee siku nzima.